Vyungu vya Mapasa na Upawa wa Leta

Papa alikuwa mtu wa mbu. Ndiyo kazi aliyopewa na Serikali, na sisi watoto wake tuliiona kazi kubwa, kwa sababu ilikuja na baisikeli, kofia yenye beji, suruali pana ya kaki, bomba la kupulizia dawa na upawa wa bati wenye mkono mrefu kuliko mimi. Kila asubuhi alipita mitaa ya Kalemie lupango kwa lupango, ua baada ya ua, akichota maji katika mapipa, mitungi, makopo na matairi ya zamani. Aliyainua juani akayakodolea macho, kama mwanamke anayechagua mchele. Akiona viluwiluwi vya mbu vinajipinda ndani, alisema neno moja tu: "Mwaga."

Zamani za Wabelgiji neno hilo lilitosha, maana nyuma ya Papa alisimama polisi mwenye fimbo. Uhuru ulipokuja, polisi akaenda kufanya mambo makubwa zaidi, Papa akabaki na upawa. Ikabidi ajifunze kubembeleza. Mama alituambia hakuwahi kumsikia akisema "tafadhali" mpaka nchi ilipopata bendera yake.

Na bendera nayo ilikuwa taabu. Miaka ile ya kwanza wakubwa wa mji walibadilika ovyo, na kila mkubwa alikuja na beji yake. Papa aliondoka asubuhi na beji moja, akirudi anaambiwa hiyo si ya Serikali tena. Mama alichoka kufumua na kushona, mwisho akawa anaishikiza kwa nyuzi chache ndefu, ili siku ikitakiwa kutoka itoke bila maneno mengi. Upepo wa ziwa ukivuma, Papa alipeleka mkono kichwani haraka. Sisi tulijua hashiki kofia, anashika Serikali.

Watu wa mtaa wetu hawakusema Serikali, walisema Leta. Na juu ya Leta na miili yetu kulikuwa na mawazo mawili, ambayo kwa bahati mbaya yalikaa kila upande wa nyumba yetu.

Upande wa kushoto aliishi mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Uani kwake ilijipanga mitungi ya maji ya kuoshea samaki, na ndani ya mitungi hiyo mbu walizaliana kwa raha zao. Huyu aliamini kwamba uhuru, Dipenda kama alivyouita, maana yake ni Leta kubaki bironi, ofisini kwake.

"Dipenda njo nini, Papa?" alimuuliza baba yangu siku moja, mikono kiunoni. "Dipenda njo kusema maji yangu iko yangu. Na mbu yangu iko yangu. Ikiniuma, inauma mimi, haiumi Leta."

Papa alimweleza kwa upole kwamba mbu ana mabawa, anazaliwa kwake, anakula kwetu.

"Basi mumufundishe kupiga hodi," akajibu, akaendelea kugeuza samaki wake.

Upande wa kulia aliishi mzee mmoja, fundi wa gari-moshi aliyestaafu. Maisha yake yote reli ilimpa nyumba, ikampa unga, ikampa kinini akiwa na homa na munganga wa kumtazama ulimi. Alipostaafu aliyahamisha matumaini hayo yote, bila kupunguza hata moja, akayaweka juu ya Leta. Alimwagiza Papa amletee mafuta ya goti, miwani, na dawa ya kumzuia mke wake kukoroma. Lakini pipa lake la maji ya mvua, lililokuwa jeusi kwa viluwiluwi, hakuligusa.

"Mi siwezi kumwaga," alisema akiwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba. "Kama Leta inataka pipa imwagike, Leta ilete muntu wa kumwaga. Leta njo baba, Leta njo mama. Mutoto hajimwagie mwenyewe."

Basi mmoja hakumwaga kwa kuwa si kazi ya Leta, mwingine hakumwaga kwa kuwa ni kazi ya Leta, na jioni mbu wa pande zote mbili walikutana kwetu. Papa aliweza kuvumilia kuumwa. Kilichomchoma ni kwamba majirani hao wawili, ambao hawakupatana juu ya jambo lingine lolote, walipatana juu ya kumwimbia.

Hapo lazima nieleze. Mimi na ndugu yangu ni mapasa, pacha kama wasemavyo ng'ambo kule Kigoma. Nilitoka mimi kwanza. Yeye anadai mpaka leo kwamba nilimsukuma. Na kwetu mtu akizaa mapasa anatukanwa. Hakuna chuki ndani yake, ni heshima na ni furaha. Wanamwimbia baba mapasa maneno ambayo siku nyingine yangewapeleka mbele ya hakimu, naye haruhusiwi kukasirika, maana akikasirika mapasa watachukia, na wakichukia watarudi walikotoka. Anaruhusiwa kujibu kwa matusi makubwa zaidi. Papa hakujibu hata siku moja. Alikuwa mtu wa Leta na mtu wa misa ya kwanza Jumapili, na matusi aliyaona kama maji yaliyosimama.

Kwa hiyo akiingia tu lupango la muuza ndagala na upawa wake, mama yule alianza, akipiga makofi:

"Baba mapasa, baba mapasa,
suruali kubwa, ndani hamuna kitu!"

Na fundi wa gari-moshi, kutoka kwenye kiti chake ng'ambo ya lupango letu, aliitikia kwa sauti nzito:

"Hamuna kitu! Sasa hawa wawili walitoka wapi?"

Mtaa mzima ulicheka. Kumdharau mtumishi wa Serikali lilikuwa kosa, Papa alijua hivyo, lakini nani angeshitakiwa kwa wimbo wa mapasa? Alichota maji yake, akasema "Mwaga, tafadhali," akaondoka na masikio ya moto. Sisi mapasa tuliimba pamoja na wenzetu, tena kwa nguvu kuliko wote. Ndugu yangu ndiye aliyekuwa na sauti nzuri.

Sasa vyungu. Tulipozaliwa, Nkambo yetu, mama yake Mama, alitoka Zongwe kwa mtumbwi kuja kututazama siku chache. Hakuondoka tena. Aliweka vyungu viwili vidogo mbele ya mlango wetu, kimoja changu na kimoja cha ndugu yangu, akavipaka chokaa nyeupe, akatia majani anayoyajua yeye na maji. Kila aingiaye alipaswa kuchovya vidole na kutusalimu. Maji hayakutakiwa kukauka, na zaidi ya yote hayakutakiwa kumwagwa chini.

"Ni maji ya mapasa na ya waliowazaa," Nkambo alitufundisha. "Inanawika, inanyweka, haimwagiki. Zamani wababa wa mapasa walikuwa wanaikunywa. Huyu wa Leta anaona haya."

Alisema "huyu wa Leta" akiangalia pembeni, kwa sababu yeye na Papa hawakuwa wanasemeshana. Hawakugombana, walikuwa wanaheshimiana tu. Kwetu mwanaume hamkaribii mama mkwe wake, hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, na neno lake hulipitisha kwa mtu mwingine. Na Nkambo alikuwa ametandika mkeka wake pale pale mlangoni, kando ya vyungu. Basi Papa, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, aliingilia mlango wa jikoni miaka yote hiyo. Jambo hilo lilimfaa kuliko alivyokubali. Mtu aliyeweza kuona kiluwiluwi ndani ya ganda la yai kwa jirani hakuwahi kuona vyungu viwili vya maji mbele ya mlango wake. Adabu ilimkataza kutazama upande huo.

Lakini muuza ndagala aliviona.

Ilikuwa katikati ya mvua, wakati homa zinapita nyumba kwa nyumba. Papa alikuwa amechoka, akasahau kusema tafadhali. "Mwaga!" alimwambia mama yule. Naye kwa mara ya kwanza hakuimba. Alifuta mikono kwenye kitenge.

"Nitamwaga kesho," alisema. "Lakini tutaanza kwako."

Fundi wa gari-moshi, akiwa kwenye kiti chake, alikubaliana naye. Tukaona mambo yamekuwa makubwa.

Asubuhi iliyofuata ndugu yangu hakuamka. Usiku alikuwa amelalamika baridi, mimi nikamnyang'anya blanketi nikidhani ananitania. Sasa mwili wake uliwaka, macho yamefunguka nusu na hayaoni, meno yanasagana. Papa alimtia kinini mdomoni, akaitapika. Akatia nyingine, ikarudi. Papa alivaa kofia yake akasema neno moja: hospitali.

Nkambo aliuvuta mkeka akautandika katikati ya mlango, akakaa.

"Mwambie bwana yako," alimwambia Mama, na Papa yupo hatua chache nyuma ya pazia, "vyungu vimekasirika. Anazunguka mji kumwaga maji ya watu, mapasa wanasikia. Pasa mugonjwa hapiti mbele ya vyungu vyenye hasira. Akipita, harudi."

Mama akageuka. "Anasema..."

"Nimesikia," alisema Papa. "Muambie mama kwamba hii ni mbu. Na kama hapitiki hapa, tutatoka jikoni."

Mama akageuka tena, lakini Nkambo alikuwa ameshajibu. "Jikoni kunatolewa majivu. Mutoto wangu si majivu!"

Mama alisimama kati yao akiwa amemshika ndugu yangu mgongoni kama mtoto mchanga, miguu yake mirefu inaning'inia. Nilitaka kulia. Nkambo alinitolea macho. Pasa akiumwa hakuna kulia, alisema, machozi yanamwonyesha njia ya kuondoka. Kwetu hawasemi pasa amekufa, wanasema amerudi. Niliogopa sana neno hilo. Nikakimeza kilio changu.

Ndipo watu wakafika. Mbele muuza ndagala, nyuma yake fundi na kiti chake cha kamba, nyuma yao mtaa.

"Tumekuja, Papa," alisema mama yule kwa sauti ya sherehe. "Tuanze kwako."

Hakujua kwamba ndani mtoto anaumwa. Akavinyooshea kidole vyungu, na watu wote wakavitazama, na nikawa naona aibu kwa vyungu vyangu kana kwamba nimevuliwa nguo.

Papa alitoka kwa mlango wa jikoni, akazunguka nyumba yake taratibu, upawa mkononi, beji ikining'inia kwa nyuzi. Alisimama mbele ya vyungu, karibu na mama mkwe wake kuliko alivyowahi kusimama tangu aoe. Alichota kidogo katika changu, akainua juani. Hakuhitaji kutazama sana. Viluwiluwi vilicheza humo kama watoto ziwani.

"Eeeeh!" walisema watu.

"Leta iko na mbu!" alipaza sauti mtu mmoja wa nyuma.

"Mwaga!" alisema muuza ndagala. "Ukimwaga hapa, mi namwaga yote. Usipomwaga, usikanyage tena kwangu na upawa yako."

"Na kama anamwaga hapa," aliongeza fundi, "basi aje amwage na ya kwangu."

Nilimwona Papa anamtazama Mama aliyekuwa mlangoni na mzigo wake, kisha vyungu, kisha mkeka. Hata mimi, kwa umri ule, nilielewa. Akimwaga, Nkambo haondoki mlangoni, na kama Nkambo anasema kweli, mwanawe amekwisha. Asipomwaga, hakuna mtungi utakaomwagwa Kalemie kwa neno lake, na kama yeye anasema kweli, watoto wa watu watafuata homa hiyo hiyo. Na muda wote huo ndugu yangu alikuwa anasaga meno.

Papa aliingiza upawa wa Leta katika chungu changu, akachota, akanywa.

Alikunywa changu macho yamefungwa, koo linapanda na kushuka, akachota tena mpaka upawa ukakwaruza chini. Kisha akahamia cha ndugu yangu. Hapo maji yakacheza ukingoni, na yeye akaweka kiganja cha pili chini ya upawa ili tone lisidondoke. Alikunywa yote, na viluwiluwi vyake na majani yake. Jani moja lilimkaa kwenye sharubu. Akakiinamisha chungu, akanyonya hata kilichobaki ukingoni.

"Hamuna maji," alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Muambie mama, hamuna maji, na haijamwagika."

Nkambo alipapasa udongo kuzunguka vyungu vyote viwili. Ulikuwa mkavu. Akatia kidole ndani, akakitazama. Kisha akaukunja mkeka.

"Mwambie bwana yako apite."

Tulikwenda hospitali kwa msafara ambao sijauona tena. Papa aliisukuma baisikeli ya Leta, ndugu yangu yuko juu ya tandiko, Mama amemshika. Mimi nyuma. Nkambo alibeba vyungu, kimoja kila mkono, kwa kuwa haviwezi kuachwa peke yao. Nyuma yake mtaa wote, kimya sasa, na fundi akitokwa jasho chini ya kiti chake. Alipoulizwa kiti cha nini, alisema anajua hospitali za Leta, mtu husimama sana.

Madaktari Wazungu walikuwa wameondoka, na wadi nzima ilikuwa mikononi mwa munganga mmoja mweusi mwenye koti jeupe lililokosa vifungo. Alimpima ndugu yangu, akachemsha sindano, akamdunga. Ndugu yangu hakushtuka hata kidogo. Hilo lilinitisha, kwa sababu alikuwa mwoga wa sindano kuliko mbuzi wa kisu.

"Na huyu?" aliuliza Nkambo, akinisukuma mbele.

"Huyu anaumwa nini, mama?"

"Haumwi. Ni pasa."

Munganga alieleza kwamba dawa ni ya mgonjwa, na ni kidogo, na Leta haina nyingine mpaka treni ifike. Nkambo alimsikiliza kwa adabu. Kisha akaeleza yeye: mapasa wanavaa sawa, wanakula sawa, wanachapwa sawa. Ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, unawatenganisha, na aliyepewa ataondoka kwa haya.

"Mama anasema kweli!" alisema fundi kutoka kwenye kiti chake. "Leta ipe wote! Hata miye, goti yangu iko hapa."

"Leta isiguse hata mumoja!" alisema muuza ndagala, aliyekuwa amejifunika pua kwa kitenge asivute hewa ya hospitali. "Watu wazima munakimbilia sindano!"

Papa alijikaza. "Muulize mama," alimwambia Mama, "tangu lini anaamini sindano ya Leta?"

"Mwambie siiamini," alijibu Nkambo. "Lakini kama inaponya, isiponye mumoja."

Papa alijipangusa sharubu. Nafikiri alikuwa bado anasikia ladha ya majani. Munganga alivitazama vyungu vilivyokwisha kuwekwa chini ya kitanda, akamwuliza Papa, mtumishi kwa mtumishi, kama vina maji ndani.

"Havina," alisema Nkambo kwa fahari. "Baba yao amevikunywa."

Papa aliangalia dari. Munganga akaagiza kwamba kama ni lazima viwe na maji, basi yawe ya kuchemsha, na akaja kwangu na sindano. Ndani aliweka maji hayo hayo ya kuchemsha. Nilipiga kelele zilizofika bandarini. Nilidungwa sindano ya ugonjwa nisiokuwa nao, ili kuwaridhisha watu wasioiamini, na kila mtu alitoka pale ameridhika isipokuwa mimi. Nkambo aliniambia hizo kelele ni nzuri, nilizipiga kwa niaba ya wawili.

Homa ilishuka. Lakini ndugu yangu hakurudi kwetu. Alilala macho yamefungwa, anapumua tu. Tulilala chini ya kitanda chake na kuamka, bado vile vile. Munganga alisema dawa imefanya sehemu yake, sasa tumwite, tumsemeshe, tusimwache anyamaze. Mama alimwita mpaka sauti ikakauka. Mimi nilimwambia nimemrudishia blanketi. Papa alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kofia gotini, akimwita kwa sauti ya kazini, kisha kwa sauti ya nyumbani, kisha kwa sauti ambayo sikuijua. Hakuna aliyelia. Tulikatazwa, na katazo lile lilikuwa zito kuliko ugonjwa wenyewe.

Baada ya chakula cha mchana, saa ya kutembelea wagonjwa, majirani wakaja. Muuza ndagala aliweka samaki waliofungwa kwenye majani, akasimama karibu na Papa, kitenge bado puani.

"Nimemwaga," alisema. "Mitungi yote. Si kwa Leta, usidanganyike. Nimemwagia baba mapasa."

Papa aliitikia kwa kichwa.

Fundi naye alisogeza kiti chake. Ilionekana ana neno limemsumbua tangu jana. "Papa," alisema kwa upole kabisa, "tuliona wote. Kwako ulikunywa. Sasa pipa yangu, Leta inakuja kuikunywa siku gani?"

Hakuwa anatania. Alikuwa amengoja na ana haki yake. Mtu wa kitanda cha pili alianza kutetemeka chini ya shuka kwa kicheko. Mimi nilimtazama Papa nikaona uso wake unafanya mambo mawili kwa pamoja, unataka kucheka na unataka kubomoka. Alivaa kofia. Akasimama. Nilidhani anatoka nje.

Akaimba.

"Baba mapasa, baba mapasa," aliimba mtu wa Leta, wa misa ya kwanza, katikati ya wadi ya Serikali, "suruali kubwa, ndani hamuna kitu!"

Hakuna aliyeitikia. Nani angethubutu? Nkambo alikuwa amekaa pale pale, kando ya vyungu, na mwanaume ametaja mambo ya ndani ya suruali yake mbele ya mama mkwe. Muuza ndagala alikiachia kitenge kikashuka. Mama alificha uso. Papa alikuwa anatokwa jasho, lakini akaanza tena, kwa sauti kubwa zaidi, amemwinamia ndugu yangu sikioni: "Suruali kubwa, ndani hamuna kitu!"

"Hamuna kitu!" aliitikia Nkambo, kwa sauti nyembamba ya kizee, mikono ikipiga makofi. "Sasa hawa wawili walitoka wapi?"

Hapo wadi ikapasuka. Muuza ndagala aliingia katika wimbo, fundi akaingia kwa ile sauti yake nzito, waliovunjika miguu wakagonga vyuma vya vitanda. Munganga alikuja mbio kutunyamazisha, akafika, akasimama, na mguu wake ukaanza kupiga chini. Papa aliimba matusi ambayo sikujua anayajua. Alijitukana tumbo, akajitukana miguu, akajitukana mpaka kofia, na kila mara alirudi kwenye suruali.

Midomo ya ndugu yangu ilisogea.

Papa alinyanyua mkono, tukanyamaza wote. Ndugu yangu hakufungua macho. Alikuwa na sauti ndogo, imechakaa, lakini ilikuwa yake.

"Hata suruali," alisema, "iko ya Leta."

Papa alikaa chini kwenye sakafu kama gunia. Alimwangalia Mama, akamwangalia munganga, akamwangalia hata mama mkwe wake usoni, hana tena pa kuweka macho, na kidevu kilikuwa kinamcheza kwa kujizuia.

Nkambo hakumtafuta Mama wa kupitisha neno. Alimwekea Papa mkono kwenye kofia, beji ikadondoka.

"Lia sasa, mwanangu," alimwambia.

Akalia. Nasi tukalia wote, fundi kuliko wote, mpaka munganga alipojifuta uso kwa koti lake na kutuambia kwamba saa ya kutembelea wagonjwa imekwisha.